SOMO LETU: BARAKOA DUKANI, JE, ILISAIDIA?



Katika mkutano mmoja wa akina mama, mama mmoja mwenye duka alisimama akatuuliza swali ambalo siku ile hatukuweza kulijibu vema. Alisema hivi: "Wakati wa korona niliwazuia watu wasiingie dukani kwangu bila barakoa. Je, nilifanya jambo la maana, ama niliwasumbua watu bure?"

Kisha akaeleza kwa nini swali hilo lamkera hata leo. Nyumbani kwake anaishi na mama mkwe wake, mtu wa miaka zaidi ya 70, tena mwenye ugonjwa wa pumu. Yeye mwenyewe hushinda dukani tangu alfajiri hadi usiku, akipokea fedha mikononi mwa kila anayekuja. Aliogopa kumpelekea mzee wake ugonjwa. Siku moja ya mwaka 2020 alifika mzee jirani, mtu anayeheshimiwa mtaani, akitaka sukari, na uso wake ulikuwa wazi. Mama akamwambia, "Shikamoo, baba. Naomba uvae barakoa. Kama huna, ninayo hapa." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu," lakini akaongeza, "Mbu huzuiwa kwa chandarua. Wewe wataka kumzuia kwa wavu wa kuvulia samaki!" Watu waliokuwapo wakacheka. Mama akaona haya, akakasirika, akakataa kumwuzia. Mzee akaenda zake, wala hajarudi katika duka lile mpaka leo. Wakikutana njiani hupishana kimya.

Tuliahidi kwamba tutalichunguza swali hilo na kulijibu katika gazeti. Hili ndilo jibu letu. Hatukuliandika ili kumpa mmoja ushindi na mwingine aibu. Tumeliandika kwa sababu magonjwa ya kuambukiza hayakwisha duniani, na yafaa tujue la kufanya kabla siku nyingine ya namna ile haijafika.

1. BARAKOA YATOKA WAPI?

Neno barakoa si geni kwetu. Watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa kile kifuniko cha uso kilichovaliwa na wanawake wa Kiarabu wa Unguja na Omani. Ugonjwa wa korona ulipokuja, neno hilo la kale likapewa kazi mpya.

Kuvaa kitambaa puani ili kuzuia maradhi nako si jambo la juzi. Mwishoni mwa mwaka 1910 tauni ya mapafu iliingia Manchuria, kaskazini mashariki ya China. Serikali ilimtuma Daktari Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, aende mji wa Harbin. Aliona kwamba tauni ile haikungoja viroboto wa panya, bali ilipita kwa pumzi kutoka mtu hata mtu. Basi akaagiza wauguzi na watumishi wavae barakoa za shashi na pamba. Daktari Mfaransa aitwaye Gérald Mesny hakukubaliana naye. Alikwenda kuwatazama wagonjwa bila barakoa, akaambukizwa, akafa Januari 1911. Tauni ile iliua watu wapatao 60,000 kabla ya kukoma.

Tuwe waangalifu hapa. Kifo cha mtu mmoja hakitoshi kuwa ushahidi. Tena Daktari Wu hakutegemea barakoa peke yake: wagonjwa walitengwa, safari za treni zilizuiwa, na maiti zilichomwa moto. Hata tangu mwanzo, barakoa ilikuwa silaha moja kati ya nyingi.

2. UGONJWA HUPITAJE DUKANI?

Tukitaka kujua kama barakoa husaidia, hatuna budi kujua kwanza inazuia nini. Mtu akikohoa, akipiga chafya, akisema au akipumua tu, hutoa matone ya majimaji. Mengine ni makubwa, nayo huanguka chini upesi karibu naye. Mengine ni madogo mno, hata jicho haliwezi kuyaona, nayo huelea hewani kama moshi wa sigara. Katika chumba kisichopitisha hewa yaweza kukaa muda mrefu. Virusi vya korona husafiri ndani ya matone hayo ya aina zote mbili.

Jambo la pili lililoupa ugonjwa huu nguvu ni kwamba mtu huanza kuambukiza wengine kabla hajajisikia mgonjwa, na wengine huambukiza bila kuugua hata kidogo. Mtu mwenye homa kali hulala nyumbani, na watu hujua kumwepuka. Lakini aliye na virusi bila kujua huamka, huoga, huenda dukani kununua mkate, huongea na muuzaji, hucheka, hulipa, hurudi nyumbani. Hana kosa lo lote moyoni mwake, na huku ameacha ugonjwa nyuma yake.

Ndiyo sababu watu waliambiwa wavae barakoa hata wakiwa wazima. Shabaha ya kwanza haikuwa kumlinda anayeivaa, bali kuwalinda wale anaokutana nao. Tone huwa rahisi kulikamata linapotoka mdomoni, likiwa bado kubwa na lenye maji, kuliko baada ya kukauka na kuwa dogo likielea hewani. Wengi wetu hatukuelewa jambo hili. Tulidhani kila mtu anajikinga nafsi yake, na aliyesema "mimi siogopi kufa" alijiona amemaliza maneno. Kumbe swali halikuwa kama yeye aogopa. Swali lilikuwa juu ya mama mkwe wa mwenye duka, ambaye yule mteja hata hakumwona.

3. HOJA YA WAVU NA MBU

Sasa tumrudie mzee wetu. Hoja yake si ya kijinga. Ni kweli kwamba kirusi cha korona ni kidogo mno, karibu sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na matundu ya kitambaa cha kawaida ni makubwa kuliko hayo mara nyingi. Kama barakoa ingefanya kazi kama kifumbu cha kuchujia nazi, yaani kuzuia kila kilicho kikubwa kuliko tundu na kuachia kila kilicho kidogo, mzee angekuwa amesema kweli tupu.

Lakini kuna mambo mawili. Kwanza, kirusi hakiruki peke yake kama mbu. Kimebebwa ndani ya tone, na tone ni kubwa kuliko chenyewe. Pili, barakoa haifanyi kazi kama kifumbu. Tazameni jikoni kwenu, mahali tunapopikia kwa kuni. Pembeni mwa dari pana utando wa buibui. Matundu ya utando ule ni makubwa mno kuliko chembe za moshi, hata hivyo utando umekuwa mweusi kwa masizi. Kwa nini? Kwa sababu chembe ndogo za moshi hazipiti moja kwa moja kama mshale. Hutangatanga hewani, hugusa uzi, zikanasa. Barakoa ni kama tando nyingi zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Chembe ikiponea uzi wa kwanza, yaweza kunaswa na wa pili au wa kumi.

Kwa sababu hiyo barakoa hazilingani. Kitambaa kimoja chepesi hunasa kidogo. Kitambaa cha safu tatu hunasa zaidi. Barakoa ya hospitali, ile ya buluu na nyeupe, ina katikati yake safu ya nyuzi nyembamba mno zenye umeme kidogo unaovuta chembe, nayo hunasa zaidi ya vitambaa vingi. Udhaifu wake ni kwamba hewa hupenya mashavuni. Iliyo bora ni ile iitwayo N95, inayobana uso pande zote, nayo yatakiwa kuzuia angalau chembe 95 katika kila 100 inapopimwa. Lakini hata hiyo ikivaliwa kidevuni haizuii kitu.

4. YALIYOPIMWA KATIKA NCHI MBALIMBALI

Maelezo mazuri hayatoshi. Yapasa kutazama yaliyotokea kwa watu. Tumechagua mifano mitano. Mingine yaunga mkono barakoa, mingine yapunguza sifa zake. Tumeiweka yote, maana anayeficha ushahidi usiompendeza hafundishi, anafanya biashara.

(a) Mji wa Jena, Ujerumani. Mji huu uliamuru watu wavae barakoa madukani na katika mabasi tangu tarehe 6 Aprili 2020, wiki kama tatu kabla ya sehemu nyingi za nchi ile. Hivyo wataalamu waliweza kuulinganisha na miji mingine iliyochelewa. Waliona kwamba baada ya amri za namna hiyo wagonjwa wapya walipungua. Katika siku 20 upungufu ulikuwa kati ya 15 na 75 kwa mia, kufuatana na mahali. Mwachano huo ni mkubwa, nao watuonya tusitaje namba moja kwa majivuno. Tena amri ya barakoa yaweza kuwafanya watu wawe waangalifu kwa njia nyingine pia.

(b) Saluni moja huko Springfield, jimbo la Missouri, Marekani. Mwezi Mei 2020 wasusi wawili waliendelea na kazi huku wana dalili, kisha ikaonekana wana korona. Walikuwa wamewahudumia wateja 139, wakiwa karibu nao kama msusi anavyokuwa. Wasusi na wateja walivaa barakoa. Wateja 67 walikubali kupimwa, na wote hawakuonekana kuwa na ugonjwa. Katika wale wengine hakuna aliyejulikana kuugua. Huu ni mfano mmoja tu, si jaribio, lakini wafaa kukumbukwa: pande zote mbili zilivaa.

(c) Denmark. Kati ya Aprili na Juni 2020 watu wapatao 6,000 waligawanywa kwa kura makundi mawili. Kundi moja lilipewa barakoa za hospitali na kuambiwa kuzivaa nje ya nyumba. Jingine halikuambiwa hivyo. Mwishoni walioambukizwa walikuwa 1.8 kwa mia katika kundi la barakoa, na 2.1 kwa mia katika kundi la pili. Tofauti hiyo ni ndogo, yaweza kutokea kwa bahati tu. Basi wako waliosema, "Mnaona? Haifai." Lakini jaribio lile lilipima kinga ya mvaaji peke yake, tena katika nchi ambamo wakati ule wengine karibu wote hawakuvaa. Halikupima kama aliyevaa aliwalinda wenziwe.

(d) Bangladesh. Jaribio hili latuhusu zaidi, maana lilifanyika vijijini, katika nchi ya watu wa hali kama yetu, wanaokutana sokoni, kwenye vibanda vya chai na katika nyumba za ibada. Kati ya Novemba 2020 na Aprili 2021 vijiji 600, vyenye watu wazima zaidi ya 340,000, vilishirikishwa. Katika nusu ya vijiji watu walipelekewa barakoa nyumbani bure, wakakumbushwa hadharani kwa maneno ya upole, na viongozi wao wakavaa kwanza. Walioonekana wamevaa barakoa vizuri walipanda kutoka 13 kwa mia hadi 42 kwa mia. Wenye dalili ambao damu yao ilionyesha ugonjwa walipungua kwa karibu sehemu moja ya kumi. Yaani, katika watu 10,000, vijiji visivyopewa barakoa vilikuwa na wagonjwa 76 wa namna hiyo, na vilivyopewa vilikuwa na 68. Mahali palipogawiwa barakoa za hospitali, watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi ndio waliofaidika kupita wote: kwao upungufu ulikuwa karibu 35 kwa mia. Barakoa za kitambaa hazikuonyesha faida iliyo wazi. Wako wataalamu waliokosoa hesabu za jaribio hili, nasi twasema hivyo bila kuficha.

(e) Norway. Mwanzoni mwa mwaka 2023 watu wazima zaidi ya 4,600 walishirikishwa. Nusu waliombwa kuvaa barakoa za hospitali kwa siku 14 wakiwa mahali pa watu wengi, kama vile madukani, njiani na katika vyombo vya usafiri. Waliosema kwamba walipata dalili za mafua au kikohozi walikuwa 8.9 kwa mia katika waliovaa, na 12.2 kwa mia katika wasiovaa. Hapa dalili zilielezwa na watu wenyewe, hazikupimwa kwa damu, lakini tofauti ilionekana.

Huenda mmesikia pia kwamba mwaka 2023 taasisi ya Cochrane ilikusanya majaribio 78 ya kunawa mikono, kuvaa barakoa na mengineyo, na kwamba ilithibitisha barakoa hazina kazi. Mhariri wake mkuu alitoa maelezo Machi mwaka ule kwamba hiyo si tafsiri sahihi. Majaribio yale hayakutosha kukata shauri upande wo wote. Kusema "haijathibitishwa vya kutosha" si sawa na kusema "imethibitishwa kuwa haifai." Mahakamani tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa, na hapa pia.

5. MBONA WAKUBWA WALIBADILI MANENO?

Jambo lililowavunja moyo wengi ni kwamba wakubwa walisema hivi leo na vile kesho. Katika mwongozo wa Aprili 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wazima wa afya kuvaa barakoa kila mahali. Tarehe 5 Juni mwaka ule ule likageuka, likazishauri serikali ziwahimize watu kuvaa mahali ambapo ugonjwa umeenea na haiwezekani kuachana nafasi, kama vile madukani na katika usafiri.

Sababu zilikuwapo. Mwanzoni barakoa zilikuwa haba, na iliogopwa kwamba watu wangezinunua zote, madaktari na wauguzi wakakosa. Tena ilikuwa bado haijafahamika sawasawa kiasi ambacho wasio na dalili huambukiza. Kujifunza na kubadili shauri si aibu. Lakini ingefaa watu waelezwe mapema na kwa unyofu: "Hiki twakijua, hiki bado hatukijui." Mtu akiambiwa kwa ukali kwamba jambo ni hakika, kisha hakika ile igeuzwe baada ya miezi miwili, hatakubali kwa urahisi ukiambia neno la tatu.

Hata amri zenyewe zilikuwa na kasoro. Huko England wateja wa madukani walilazimishwa kuvaa barakoa tangu tarehe 24 Julai 2020, lakini wauzaji walilazimishwa baadaye, tarehe 24 Septemba. Nchini Kenya mtu aliyekutwa bila barakoa mahali pa watu aliweza kutozwa faini ya hadi shilingi 20,000 au kufungwa hadi miezi sita, mpaka sharti la barakoa lilipoondolewa tarehe 11 Machi 2022. Kwa mtu anayeishi kwa kibarua, faini ya namna hiyo ni mzigo wa kutisha. Wengi walivaa barakoa wakimwona askari, wakaishusha akipita. Vijiji vya Bangladesh vilionyesha njia nyingine: barakoa ya bure mlangoni, neno la upole sokoni, na kiongozi anayetangulia kuvaa.

6. DUKA HILI NA DUKA LILE

Tusiseme "duka" kana kwamba maduka yote ni sawa. Duka la mtaani ambalo mteja husimama nje dirishani, upepo ukivuma, akanunua kiberiti akaenda, lina hatari ndogo. Duka kubwa lililofungwa vioo, lenye watu wengi na foleni ndefu kwa mwenye kupokea fedha, lina hatari kubwa zaidi. Saluni, ambako mtu hukaa saa mbili akisukwa na kuzungumza, yaweza kuzidi yote mawili.

Basi mambo ya kupima ni haya: Je, hewa yapita? Watu ni wengi kiasi gani? Watakaa muda gani? Je, wanasema kwa sauti? Na ugonjwa umeenea kiasi gani mjini siku hizo? Ambapo majibu yote ni mabaya, barakoa ina kazi kubwa. Ambapo yote ni mema, kazi yake ni ndogo.

Tena tumfikirie muuzaji. Mteja yumo dukani dakika kumi. Muuzaji yumo saa kumi na mbili, na mbele yake hupita pumzi za mtaa mzima. Mteja anayevaa barakoa kwa dakika kumi humpunguzia mwenziwe mzigo wa siku nzima, na gharama yake mwenyewe ni ndogo.

7. YAFAAYO KUSHIKWA

Hali ya dharura ya korona duniani ilitangazwa kwisha tarehe 5 Mei 2023, nasi hatusemi kwamba watu warudie kuvaa barakoa kila siku. Lakini ugonjwa wa hewani ukienea tena, tunashauri hivi:

(1) Mwenye kikohozi au homa na akae nyumbani, amtume mtu dukani. Hakuna barakoa ipitayo hiyo. Akilazimika kutoka, avae. Desturi hii yafaa hata sasa. Wagonjwa wa kifua kikuu nao huombwa kuvaa barakoa wanapokwenda kliniki, ili wasiwaambukize wengine.

(2) Barakoa ifunike pua na mdomo, ibane mashavu. Ikilowa, ibadilishwe. Ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila siku. Mtu mzee au mwenye maradhi ya kifua, kama aweza kupata ile ya hospitali, hiyo ndiyo bora kwake kuliko ya kitambaa.

(3) Mwenye duka afungue milango na madirisha, apunguze watu walio ndani kwa wakati mmoja, na yeye mwenyewe avae kwanza kabla ya kumwagiza mteja.

(4) Watoto wadogo wa miaka mitano na chini wasilazimishwe. Mwenye shida ya kupumua asihukumiwe kwa macho. Na tukumbuke viziwi, ambao husoma midomo yetu. Tusogee mahali penye hewa, tushushe barakoa kidogo, tuseme nao taratibu.

(5) Barakoa isigeuzwe hirizi. Aliyevaa asijione amekuwa chuma, akasongamana na watu. Chanjo, hewa safi, kunawa mikono na kukaa nyumbani wakati wa ugonjwa vina kazi yake kila kimoja.

8. JIBU LETU

Basi, mama mpendwa, hili ndilo jibu. Barakoa dukani husaidia, lakini kwa kiasi. Haikuwa ukuta, ilikuwa kama mwavuli katika mvua ya upepo. Atembeaye na mwavuli hulowa miguu, wala hatuuiti mwavuli upuuzi kwa sababu hiyo. Msaada wake huwa mkubwa zaidi ikiwa wengi wamevaa, ikiwa ni nzuri na imevaliwa vizuri, na ikiwa duka limefungwa na limejaa. Wazee, kama mama mkwe wako, ndio walioonekana kufaidika zaidi katika vijiji vile vya Bangladesh. Hukuwasumbua watu bure.

Nawe, mzee wetu, ulisema neno lenye kweli ndani yake. Wavu wa samaki hauzuii mbu, na barakoa mbovu haizuii mengi. Ulikuwa na haki ya kuuliza. Lakini uliambiwa kwa heshima, ukapewa barakoa bure, na kicheko cha watu kilimwangukia mwanamke aliyekuwa akimlinda mama wa mumewe. Huenda hukulijua hilo. Nasi wengi hatukuyajua mambo ya nyumbani kwa jirani zetu siku zile, kila mmoja akiwa ameogopa kwa namna yake.

Kabla ya kulipeleka somo hili kwa mchapaji tulimsomea mama yule. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe mzee alikuwa na neno, nami nilikuwa na neno." Akatuomba nakala mbili za gazeti.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini mtu asiyejisikia mgonjwa aliombwa kuvaa barakoa dukani? Elezeni kwa maneno yenu wenyewe.

2. Jaribio la Denmark na lile la Bangladesh yanatofautianaje katika jambo lililopimwa?

3. Tajeni maduka matatu ya mtaa wenu. Katika kila moja, hewa yapitaje, na watu hukaa muda gani? Lipi lingehitaji barakoa zaidi wakati wa ugonjwa?

4. Mteja akikataa kuvaa barakoa, mwenye duka amwambie nini, na asimwambie nini?

5. Je, yuko mtu mliyekosana naye siku zile kwa habari ya barakoa au chanjo? Neno gani la kwanza lafaa kusemwa?